Breki za Mteremkoni

Ndani ya treni, Bibi alijifanya amesinzia, masikio wima. Mbele yake binti alishikilia baiskeli ya mashindano.

"Breki mpya, nimezifunga mwenyewe," alimwambia mzee aliyeketi pembeni yake. "Leo narudi kwenye ule mteremko ulionivunja mkono."

"Hongera, mwanangu. Lakini vishikio vya raba za breki umevigeuza. Upande ulio wazi unatazama mbele. Ukibana breki, gurudumu litazisukuma raba zichomoke."

"Mzee, una macho au una wivu?"

"Vyote viwili. Bana breki, kisha sukuma baiskeli mbele."

Binti akabana, akasukuma. Raba ikachungulia nje kama ulimi. Bibi akasahau kwamba amesinzia.

Treni ikasimama.

"Basi ahirisha mteremko," mzee akasema.

"Niahirishe nini? Spana ninayo!"

Binti akashuka na baiskeli, akaketi kwenye benchi la stesheni, akatoa spana. Mzee akamfuata, bado anabisha, lakini keshamshikia gurudumu.