Unga wa Mgeni na Dripu ya Restituta

Mgeni rasmi, viongozi wa kata, wazee wetu, shikamooni.

Karibu
Sisi, wagonjwa wa saratani wa Kitura na wanaotuuguza, tumefurahi kukuona. Umechelewa, lakini chakula tumekifunika.

Tulikotoka
Kikundi kilianzia jikoni kwa Restituta, mwenyekiti wetu, alipogundulika ana saratani ya titi. Huku kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Tulimpelekea vidonge na unga wa mnadani, kila kilichoandikwa kinaondoa sumu mwilini, tukamkorogea kwenye vidumu. Alikunywa vyote kwa adabu. Uchungu ukizidi, alifumba macho na kusema, "Ahsanteni jamani, kitamu."

Mafanikio
Daktari Eunice alipoona msafara wetu wa vidumu wodini, alishika kichwa. Alitueleza kuwa dawa iliyo kwenye dripu ya Restituta inaiunguza seli ya saratani kwa ndani. Seli nayo si mjinga. Ikiona inaungua, inabadili mapishi: sukari iliyokuwa ikiitumia kukua, inaitumia kutengeneza kinga ya kuuzima ule moto.

"Mimi nawasha, yenyewe inazima, halafu ninyi kwa unga wenu mnaiongezea maji ya kuzimia!" alisema.

Mzee Alphonce, mmoja wa wanaouguza, aliuliza kama seli hiyo ni mwenyeji wa huku, maana kwa ujanja huo angeipigia kura. Tangu siku hiyo Restituta anakula ugali na maharage kama sisi, na uvimbe umepungua.

Changamoto
Mgeni rasmi, tumeona gari lako limejaa maboksi ya unga ule ule. Picha za kwenye maboksi ni nzuri sana. Ila kwa desturi yetu zawadi ya mgeni huonjwa mbele yake, na anayeonja ni mwenyekiti. Tangu maboksi yaonekane, Restituta anakohoa kikohozi cha kutunga. Anaogopa kukuvunjia heshima kuliko anavyoogopa kufa, na hilo linatuuma sana.

Maombi
Tunaomba aonje Mzee Alphonce. Ni mzima, na cha bure hakijawahi kumdhuru.

Tena, dripu ya Restituta ni kesho, hospitali ni mbali, na gari tulilolitegemea limekufa injini. Maboksi yakishuka, kiti chako cha nyuma kitabaki wazi. Yeye asingethubutu kuomba. Maneno haya anayasikia sasa hivi, pamoja nawe. Tafadhali usimtazame, ataona aibu. Mwambie tu dereva amfungulie mlango.

Mungu awafikishe salama, wewe na Restituta.

Ni sisi, Kikundi cha Tuuguzane, Kitura.
Msomaji: Hildegardi, katibu.