Devota Mazengo, Fundi wa Matangi ya Helikopta za Zimamoto

Padre, wazazi wetu, majirani, na ninyi wenzake wa kiwandani mliotoka Dodoma mjini na sare zenu, mimi ni Batholomeo Mazengo, kaka wa marehemu, nami nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu.

Devota alizaliwa tarehe 9 Machi 1990 hapahapa Mpwapwa, mtoto wa tatu wa Mzee Mazengo na Mama Generosa, akasoma shule ya msingi na sekondari hapa nyumbani, na mwaka 2010 akaenda Dodoma kujifunza ufundi wa mitambo, msichana pekee darasani, akahitimu mwaka 2012.

Januari 2013 aliajiriwa katika kiwanda cha vipuri kilichopo barabara ya kwenda Bahi, kinachotengeneza matangi ya maji yanayofungwa tumboni mwa helikopta kubwa za kuzima moto wa misitu, na kazi yake ilikuwa kuyapiga msasa hadi yawe laini, kazi yenye vumbi jeupe linaloganda kwenye kope na kushuka kifuani, huku barakoa zikiwa za kugombania.

Huko ndiko alikokutana na Henry Mapunda, msimamizi wa karakana, wakafunga ndoa tarehe 5 Septemba 2015, wakajaliwa watoto wawili, Brightness, aliyezaliwa mwaka 2016, na Frida, aliyezaliwa mwaka 2019.

Kikohozi kilianza mwaka 2021, daktari akamwambia aondoke kwenye vumbi, naye akamwomba mumewe mbele ya wenzake amhamishie upande wa kufunga boliti, Henry akamjibu, "Nikikuhamisha wewe watasema napendelea mke wangu, rudi kwenye kazi yako." Rafiki yake Mishi, ambaye naye alikuwa akikohoa, aliomba baadaye akahamishwa, Devota akabaki.

Mei 2024 wafanyakazi walipelekwa Bahi kwa basi kuona helikopta ikijaribiwa mbele ya wageni wa kiwanda, ikashuka juu ya maji ya kinamasi, ikayanyonya kwa mrija mrefu, ikapaa na kuyamwaga yote juu ya kichaka kilichowashwa makusudi, na Devota akarukaruka akipiga kelele, "Langu hilo! Hilo nimelipiga msasa mimi!" Wenzake wanasema hawakuwahi kumwona na furaha kama ile. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, damu ikatapakaa kwenye kanga, Henry akamshika mkono akamwambia, "Usiniaibishe mbele ya wageni," akampeleka kwenye basi, akafunga mlango, akarudi kupiga picha na wageni.

Mwisho wa mwaka huo Henry alipandishwa cheo, Devota akaachishwa kazi kwa kuwa hakuweza tena kusimama, na Februari 2025 aliletwa hapa nyumbani na begi moja, mapafu yakiwa yamekakamaa, akilala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi inakatika. Mumewe hakuja. Brightness alimpigia simu akamwambia, "Baba, mama anakuita," naye akamjibu kwamba yuko kikaoni. Devota alifariki dunia tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa mama yetu.

Jana shemeji Henry aliniita pembeni akaniomba nisome tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Shemeji, nilikusikia, lakini mwenyewe alinishika mkono siku zake za mwisho akaniambia, "Kaka, msimpige, ila msifiche yaliyonipata."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye kwa mitungi ya oksijeni, majirani mliochota maji na kupika bila kuitwa, na wenzake wa karakana, hasa Mishi, aliyekuwa akipanda basi kutoka Dodoma kuja kumwogesha na kumsuka nywele.

Ukoo umekubaliana kwamba udongo wa kwanza utawekwa na wanawe, na unaofuata utawekwa na Mishi. Wewe shemeji, nafasi yako utamwomba mama yetu, yule pale aliyekupa mgongo, na asipokujibu, basi kaa ulipo.

Devota, mdogo wangu, Mungu akulaze mahali pema, upumzike kwa amani.