Casimir Wilondja na Jiwe Lisilo na Mshale

Marehemu Casimir Wilondja alizaliwa Lweba tarehe 4 Juni 1911, mtoto wa tatu wa Mzee Placide na Mama Félicité. Alisoma miaka minne katika shule ya misioni huko Baraka, akatoka na mwandiko ambao walimu waliwaonyesha wengine. Mwaka 1934 alimuoa Marthe, wakajaliwa Suzanne, Roger na, baada ya miaka mingi, Pulchérie.

Mwandiko huo ulimpatia kazi mwaka 1951, kwa mzungu aliyepima miamba myekundu ya milimani nyuma ya Baraka. Miamba hiyo ilikuwa mchanga na tope la maji ya enzi ya kale sana iitwayo Kretasia, yaliyokauka kabla Tanganyika haijawa ziwa. Kabla jiwe halijang'olewa, Casimir alichora juu yake mshale mweupe kuelekea mbinguni, ili ijulikane upande gani ulikuwa juu lilipokuwa tope. Nyumbani alichora mishale hata kwenye vyungu. Pulchérie alipozaliwa, Marthe alimwambia, "We Casimir, huyu mutoto usimuguse na ile rangi yako."

Novemba 1953, mvua ikija, aling'oa kwa haraka jiwe lenye mfupa mrefu wa mnyama wa kale kabla ya kulichora. Aliona haya, akalificha chini ya kitanda. Akiliweka mfupa juu, asubuhi Marthe alipofagia aliukuta umeelekea chini. Akiuweka chini, aliukuta juu. Hakuna aliyeligusa.

Januari 1958 kifua kilimlaza, hakusimama tena. Kufa hakukumtisha.

"Marthe, ile jiwe haina kwao tena sababu yangu," alisema. "Mulirudishe mbele ya kunizika. Lakini juu yake ni wapi, mi sijui."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi, saa tisa mchana.

Asubuhi ya leo, kabla ya maziko haya, Roger na Bwana Zuberi, aliyefanya kazi na marehemu, walilibeba jiwe hilo, wakibishana njia nzima wataliweka vipi. Walilitua kando ya pengo lake mwambani, wapumzike. Walipoinama kuliinua, lilikuwa na mshale mweupe, wenye mkia uliopinda kidogo, kama Casimir alivyouchora siku zote. Rangi ilikuwa mbichi. Roger anayo kiganjani hadi sasa.

Waliliweka kama mshale ulivyoonyesha. Likaingia, likatulia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na dada yake Florentine wa Lulimba. Casimir, jiwe limefika kwao. Nawe tulia.