Mzee Solomoni Simel Laizer na Lugha Aliyorudi Nayo kutoka Cottbus

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, ndugu wa Olmotonyi na wakwe wa Maji ya Chai, majirani na marafiki, familia imeomba historia hii isomwe nami, Rachel, mtoto wa pili wa marehemu, kwa sababu ndimi niliyeiandika, na mjane, mama yetu Anande, ameipitia jana, akafuta sehemu zote zilizomsifu marehemu kwa mambo ambayo hakuyafanya, akasema yaliyobaki yasomwe kama yalivyo.

Mzee Solomoni alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Aprili 1953 kijijini Olmotonyi, juu ya Ngaramtoni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Simel Laizer, mfugaji na mkulima wa mahindi na maharage, na mama Silantoi, ambaye hakujua Kiswahili hata siku moja na hakuona kuwa amepungukiwa na kitu, naye Solomoni akabatizwa tarehe 7 Juni mwaka huohuo, na akakua kama wenzake wote wa pale, nyuma ya mbuzi hadi alipofikia umri wa kukaa nyuma ya dawati.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, na katika miaka hiyo alivaa kibao kuliko mtoto mwingine yeyote darasani, maana enzi zile mwanafunzi aliyesikika akiongea Kimaasai alifungwa kibao shingoni, naye akakipokeza kwa atakayemsikia baada yake, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa, na Solomoni hakuwa na moyo wa kumpokeza mwenzake, ingawa mwenyewe alikuwa akisema kwamba hakuna ushujaa wowote hapo, ni mdomo wake tu ulikuwa unatangulia kichwa. Alisoma sekondari Moshi kuanzia 1969 hadi 1972, kisha ufundi wa mitambo, na Februari 1975 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo hapa Arusha.

Septemba 1977 alipelekwa na kiwanda kwenda Ujerumani Mashariki, katika mji wa Cottbus, mji ambao watu wake wameishi kwa kusokota sufu na kufuma vitambaa kwa karne nyingi, na ambao vibao vya mitaa yake vina majina mawilimawili, la Kijerumani na la Kisorbi, kwa kuwa eneo lile lilikuwa la Wasorbi kabla Wajerumani hawajafika, na Wasorbi ni Waslavi, ndugu wa lugha wa Wapolandi na Wacheki, wachache sana, na wa upande ule wa Cottbus wanazidi kupungua. Sisi watoto wake mambo haya tumeyajua mwaka huu, na ni aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Huko kiwandani alikutana na Bibi Lejna, mkaguzi wa vitambaa, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta nyuzi zilizokatika na kuziunga kwa sindano, na siku moja Solomoni alimwona akizungumza na mwenzake, halafu msimamizi akaingia na wale wanawake wawili wakanyamaza ghafla, wakaendelea kwa Kijerumani kana kwamba hakuna lililotokea, na yeye, ambaye alikuwa anaujua ukimya wa namna hiyo tangu darasa la kwanza, akamsogelea wakati wa chai akamuuliza, "Mama, kumbe ninyi nanyi mna kibao?" Bibi Lejna hakuelewa kibao ni nini, akaelezwa, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo Solomoni alikula kwake kila Jumapili.

Kijana alikuwa na Kijerumani cha darasani, lakini Bibi Lejna alimfundisha Kisorbi, kwa sababu watoto wake wa kuwazaa aliwalea kwa Kijerumani ili wasichekwe kama alivyochekwa yeye, na utawala wa Kinazi ulipoipiga marufuku lugha yake alikuwa msichana tu, kwa hiyo alizoea kuinong'ona, na hapo sasa akampata kijana kutoka Olmotonyi ambaye hakuwa na habari kwamba lugha ile ni ya aibu. Mwaka 1982 kijiji cha Bibi Lejna kilivunjwa kupisha mgodi wa makaa ya mawe, na Solomoni alikwenda kumbebea vyombo hadi ghorofa ya nne ya jengo la mjini, na aliporudi Tanzania tarehe 22 Julai 1983, pale kilipokuwa kijiji palikuwa tayari shimo. Waliandikiana hadi 1991, barua zikakoma, na viwanda vya kule vikafungwa, na cha hapa nacho kikafungwa, na marehemu alisema kwamba amefanya kazi katika mabara mawili, moja limeamua kuuza mitumba na jingine kuinunua.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Anande, Mmeru wa Maji ya Chai, na kwa kuwa mume alikuwa na lugha yake na mke na yake, nyumbani wakakubaliana Kiswahili, wakajaliwa watoto watatu, Lengai mwaka 1986, Rachel 1988 na Sinyati 1993, ambao kwa Kimaasai wanajua kusalimia na kwa Kimeru wanajua kuitikia. Alijaribu mara moja tu, nadhani mwaka 1998, kutufundisha kuhesabu kwa Kisorbi, ambacho tulidhani ni Kijerumani, sisi tukaufanya wimbo wa kumtania, na mama akasema, "Baba Lengai, acha kuwachanganya watoto, wana mitihani," na akaacha, akakunja gazeti lake akatoka nje, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo. Mama ameagiza kwamba hilo nalo lisomwe.

Kuanzia 1995 hadi 2016 alikuwa fundi wa mashine za kufuma masweta ya shule katika karakana ya Mzee Shantilal hapa mjini, na watu wengi mlio hapa mmevaa sweta lililopita mikononi mwake, hata kama mlilalamika kwamba linawasha.

Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa moja asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, alipatwa na kiharusi, akalazwa siku kumi na tisa, akatoka akiwa na mguu wa kulia mzito, na tulishukuru Mungu kwamba anaongea, mpaka tulipogundua kwamba Kiswahili hakimo tena, wala Kimaasai cha mama yake, wala Kijerumani, na kilichobaki ni maneno ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeyajua. Daktari alieleza kwa uvumilivu kwamba kiharusi kinaweza kufunga lugha moja na kuacha nyingine, kwamba huenda anaelewa zaidi ya anachoweza kusema na huenda haelewi, na kwamba dawa ya hilo hana.

Sisi tuliamini ni Kijerumani, tukamwita jirani yetu Arif, anayeongoza watalii Wajerumani mlimani, akakaa kitandani nusu saa nzima akisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo mzee, pumzika," na huko nje akamwambia mama, "Mama, hiki siyo Kijerumani. Kijerumani mimi nakijua hata kikiwa kimelewa."

Baada ya Arif likaja kundi la maombi likiongozwa na Mama Anyesi, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kulisema hili, wakasikiliza, wakasema marehemu ananena kwa lugha, na Mama Anyesi akafasiri kwamba anataka kupatana na mdogo wake Lomnyaki kuhusu mpaka wa shamba, jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa unalijua miaka kumi na minne bila kuhitaji Roho, na basi baba mdogo akaja, akalia, akashika mkono wa kaka yake, na mpaka huo ukarekebishwa palepale mbele ya mashahidi wawili. Sasa tunajua kwamba marehemu siku ile hakusema lolote kuhusu mpaka, lakini baba mdogo ameomba tusiurudishe, na hatutaurudisha.

Wazee wa ukoo nao walikuja mara tatu, wakitaka usia, kwa kuwa baba hawezi kuondoka bila kuwatamkia wanawe baraka kwa mdomo wake, wakamketisha Lengai mbele yake, na marehemu akamtazama mwanawe, akasema maneno mengi, kwa upole, na Lengai akaitikia kila yalipotulia, kama mtu anayesaini karatasi asiyoweza kuisoma.

Mama yeye hakutaka usia wala shamba, alitaka sentensi moja tu, kwa sababu kila siku saa kumi alasiri alipompelekea uji, marehemu alikunywa nusu, akakisogeza kikombe kando, akainamisha kichwa kwa heshima, na kusema maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kisha akangoja, na ni wazi alikuwa anaomba kitu. Mama alimletea blanketi, akamletea maji, Biblia, redio, dawa, mtori, picha ya mama Silantoi, akafungua dirisha, akalifunga, na marehemu alitikisa kichwa kwa kila kimoja, bila hasira, na mwisho mama, akiwa hana lingine, akawa anamjibu, "Sawa, Baba Lengai, kesho," na hapo alitulia. Kila asubuhi alidai kofia na viatu kwa vidole, akavalishwa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango hadi saa kumi, na sisi tulisema ni mazoea ya kazi, mtu aliyeamka mapema miaka arobaini hawezi kuyaacha.

Mzee Shantilal alipokuja kumwona, mwezi wa Januari mwaka huu, alisimama mlangoni na fimbo yake, akasikiliza kidogo, akasema, "Anande, hicho ni Kisorbi, cha yule bibi yake wa Cottbus, miaka ishirini na moja alikuwa anazitukana mashine zangu kwa hicho, ninyi hapa nyumbani mlikuwa mnaongea nini?" Kumbe walikuwa wakizungumza habari hizo wakati wa chai, fundi na tajiri wake, kwa kuwa Mzee Shantilal ana Kikachi, lugha ya wazee wake waliotoka India, ambacho wajukuu wake hawakitaki, na kila mmoja alikuwa amepata wa kumlalamikia.

Mimi nilirekodi kwa simu mara nne, jumla dakika kumi na moja, nikazituma kwa mwalimu mmoja wa Kisorbi mjini Cottbus, na mwalimu akajibu upesi kwamba anasikia neno hapa na neno pale, lakini ulimi una uzito wa kiharusi na maneno ni ya vijijini, ya zamani, inabidi amsikilizishe mama yake mwenye miaka tisini na tatu, na mama huyo alikuwa amelazwa kwa kuvunjika nyonga, basi tukangoja, hakuna wa kumlaumu, na kila saa kumi mama Anande aliuliza, "Wamejibu?"

Mzee Solomoni alifariki nyumbani Jumapili tarehe 30 Machi 2025, saa tano asubuhi, akiwa kwenye kiti chake, amevaa viatu, siku kumi kabla ya kutimiza miaka sabini na mbili.

Jibu lilifika juzi Jumanne. Mwalimu ameandika kwamba mama yake amesikiliza rekodi zote mara tano na amelia, kwa kuwa hajasikia mtu akizungumza hivyo tangu bibi yake mzaa mama afariki, na anauliza kama tuna rekodi nyingine, kwa sababu huko kwao hawana, na tumemjibu kwamba hatuna, tulikuwa tunaona aibu mgonjwa wetu kusikika. Katika rekodi hizo hakuna usia. Sentensi ya saa kumi ni hii, nami naisoma kama ilivyotafsiriwa: "Asante mama, nimeshiba, mmenitunza vizuri sana, sasa naomba ruhusa niende nyumbani, watu wangu wananisubiri." Wamesema hivyo ndivyo kijana mwenye adabu anavyomuaga mwenye nyumba.

Mama akauliza, "Nyumbani wapi?" Nikamwambia sijui, kwa kuwa sijui, inaweza kuwa Olmotonyi kwa mama Silantoi, inaweza kuwa hosteli ya kiwandani jioni ya Jumapili, na mwalimu naye tulipomuuliza alisema maneno yenyewe hayaonyeshi. Kisha mama akasema, "Na mimi nilikuwa namwambia kesho." Akasema tena, baadaye kidogo, "Siku mia tatu."

Kwa hiyo mjane anaomba, kwa unyenyekevu, kwamba wenye kumpa pole leo wasimwambie marehemu amerudi nyumbani. Anajua mnasema kwa wema. Mpeni mkono tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kila mara hata ulipokuwa mfupi, usharika wetu, Mama Anyesi na kundi lake kwa kukesha nasi, Arif, majirani waliobeba maji na kuni, Mzee Shantilal na mafundi wote wa karakana, ndugu wa Maji ya Chai waliosimamisha mahema haya mvua ikinyesha, na mwalimu wa Cottbus na mama yake, ambao leo saa hizi wamewasha mshumaa na wametuomba tuwatajie jina lake kamili ili walitamke vizuri.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Solomoni Simel Laizer, baba yetu, amani uipate huko ulikokwenda, na umpate mtu wa kukuelewa.