Santuri ya Wapuraji Ulezi

Sogeeni karibu, wanangu; Tereza, keti hapa kichwani pa kitanda, nawe Loth uuache huo mlango, kwani neno la anayeaga halirushwi kwa mbali kama jiwe la kufukuzia ndege, bali hutiwa mkononi.

Shamba la Kasense ni lenu wawili, na mipaka yake mnaijua. Ninalousia ni sanduku la santuri pamoja na ile filamu ya mavuno, ambavyo padri mzee aliyetupiga picha na kunasa sauti zetu kabla ya Uhuru aliniachia. Najua, Loth, mwenye ukumbi wa video mjini amekuahidi televisheni ya rangi ukimpa vyote, nawe wasema huu ni wakati wa soko huria na vya kale vimepitwa. Sikukasirika, maana mimi nilividharau kuliko wewe.

Nilipokuwa katekista kijana, nimelewa Kilatini, nilizikataza nyimbo za kupura ulezi, nikaziita za mizimu. Na santuri yenye sauti ya mama yangu Marsiana na wenzake nikaifunikia mtungi wa pombe ingali moto, ikapinda. Mimi, niliyewafundisha watoto amri ya kuwaheshimu baba na mama! Baba yenu mdogo Ignasi akaniambia, “Kaka, umemziba mama kinywa.” Tukanuniana karibu miaka thelathini. Mwacha asili ni mtumwa, nami nilitumika sana.

Mwaka ule wa vyama vingi niliibana santuri kati ya vioo viwili, nikaianika juani siku nne, misale, kile kitabu kikubwa cha misa, juu yake, hata ikanyooka. Nikaazima mashine ya filamu misheni, tukaziba madirisha ya ukumbi wa parokia kwa mablanketi mchana kweupe. Filamu ile haina sauti, nikaizungushia gramafoni. Pale ukutani mama akainua fimbo ya kupuria, na sauti yake ikajaa ukumbi! Ignasi akainuka, akachuchumaa mbele ya ukuta, akapiga makofi kama tunavyowaamkia wakubwa, akasema, “Shikamoo, mama.” Ukumbi mzima ukachuchumaa. Kisha akanigeukia: “Kaka, Kilatini chako leo kimepata mwalimu.” Tukacheka, tukashikana mikono, tukashinda humo hadi jioni.

Basi sikilizeni. Sanduku namwachia Loth, wala si Tereza, kwa kuwa Loth ajua kinachojaza ukumbi. Usiliuze, Loth, usilifungie. Huyo mwenye video mwambie aipumzishe televisheni yake, aje atazame yeye. Tereza, siku ya kunizika msinisomee sifa. Wanawake waimbe za kupura, humo humo kanisani, nami niliyezikataza nipite katikati yao.

Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo awape chakula ghalani, na masikio... yasiyoonea haya kwenu mlikotoka.

Usilie, Loth. Zungusha gramafoni. Polepole... sindano iweke pembeni... hapo. Tereza, nani wale uani, wenye fimbo za kupuria? Waingie. Wote... waingie.