Charmingly

Benchi la Somanda, lile la jirani na kituo cha bodaboda, liliundwa kwa mbao za lori la pamba lililokufa, na kila alasiri huwabeba watu wale wale. Siku hiyo Kasmiri alikalia ncha yake, ufunguo wa pikipiki mkononi, kahawa yake ikipoa. Jumapili, mbele ya waumini wote, Dastan, mwalimu mpya wa kwaya, alimwambia Philomena kwamba ameimba “charmingly.” Philomena, mchumba wa Kasmiri, ambaye mahari yake imeshaingia zizini kwa baba yake kule Sapiwi, alicheka, na tangu hapo analirudia neno hilo jikoni, kisimani, hata kwenye simu.

— Tafsiri yake hasa ni nini? aliuliza Kasmiri.

— Kwa namna ya kuvuta moyo, alijibu Paschal, ambaye kijiwe kinamwita Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani.

— Kuvuta! Kuuvuta kwenda wapi?

— Ndiyo kesi yenyewe hiyo.

Mzee Maganga, aitwaye Mzani kwa miaka yake ya kupima pamba, alipuliza kikombe.

— Tulia, mwanangu. Angesema kaimba vizuri, tungesema kasikia. Huyu kaeleza namna. Namna haionekani bila kutazama kwa muda.

— Kamtazama wapi?

— Mzee, usimtie mwenzio pilipili, alisema Wakili, kisha yeye mwenyewe akamtia. Mimi naona ni posa. Wasomi hawatumi wazee. Wanatanguliza neno, binti akicheka, imepita.

— Lakini alicheka!

— Basi imepita.

— Na ng’ombe wetu je?

— Watajuana na baba mkwe.

— Mimi nahofia dawa, alisema Mzani. Kule Nkoma bwana shamba mmoja alikuwa akipita kwa mjane anasema “beautifully, beautifully.” Leo yule mjane anamlimia.

— Bila mahari?

— Bila hata chumvi!

Kasmiri akasimama.

— Nitafutieni neno kubwa kuliko hilo. Leo leo nampelekea.

— “Wonderfully,” alisema Wakili.

— Hilo liko kwenye tangazo la sabuni.

— Basi mwambie, Philomena, umeimba “internationally.”

Kasmiri alilijaribu kwa sauti ya chini. Lilimkwaruza koo.

Ndipo akafika mama mmoja, Wilhelmina, chupa ya uji kwapani, akitafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali kumwona mgonjwa.

— Mwadila, baba, alimsalimu Kasmiri kwa Kisukuma.

— Mwadila, mayu, mama yangu. Panda twende.

— Nimewasikia tangu pale dukani. Huyo binti anaimba kweli?

— Kweli, mayu! Ndiyo balaa lenyewe.

— Na wewe ukimsikia, unaonaje?

Kasmiri alizihesabu Jumapili zake. Jumapili ndiyo siku yenye abiria. Tangu wachumbiane amekuwa akimshusha Philomena mlangoni pa kanisa, injini ikinguruma, na kurudi wanakwaya wakiwa wameshavua majoho. Alimtazama Wakili, Wakili akamtazama Mzani, Mzani akakagua mashapo ya kahawa yake.

— Nauliza tu, alisema Wilhelmina, akipanda.

Kasmiri alipiga kiki, na njia nzima aliuwaza ule mlango wa kanisa, na Dastan aliyekuwa upande wa ndani.