Tanki Isiyo na Samaki

Kaluki hakupenda umbea, lakini tangu basi litoke Tala masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Mama mmoja mwenye buibui alikuwa amepakata mfuko wa maji wenye samaki mmoja mwekundu, na mwanamume wa kando yake, aliyejisifu kuwa mfugaji wa samaki wa urembo, akawa anamfundisha bila kuombwa.

“Huyu akikua usimchanganye na wadogo, mama, atawala. Kwani tanki yako iko na samaki gani?”

“Haina. Kila nikiweka mmoja, asubuhi hayuko. Hata mfupa sioni.”

“Hiyo ni paka.”

“Nafunika na kioo, juu naweka jiwe.” Akashusha sauti, na Kaluki akainama kufunga kiatu kisicho na kamba. “Na maji yanapanda, kaka. Siongezi hata tone, lakini kila wiki yanafurika, kama kuna kitu ndani kinanenepa. Niambie tu, tanki ya ukubwa gani itamtosha huyo wa ndani?”

Mwanamume akageukia dirisha, akahesabu nguzo za umeme mpaka basi liliposimama Machakos.

“Kwangu ni hapo nyuma ya msikiti,” mama akasema akiinuka. “Njoo umwone.”

Mwanamume akajibu kwamba hashuki hapo, anaendelea mbele. Dereva alikuwa ameshazima injini na kuteremka. Basi hilo mwisho wake ni Machakos.